Kulia kwa Shimoni

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakufikia ukiwa na nguvu na huna linalokusumbua. Sisi huku hatujambo. Binti yako hajambo, anakula, anacheka, na ule mkono wake wa kushoto waliomuunganishia mshipa kwa ajili ya mashine umepona vizuri. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka kliniki kusafishwa damu, pamoja na wagonjwa wengine wanne ambao kliniki imenipa kazi ya kuwachukua majumbani.

Sasa mama, nakuandikia kwa aibu, na mwenye kunisukuma ni binti yako. Amesema, "Una mama mkwe aliyekaa miaka thelathini kwenye karakana ya mabasi, watu wakimwita Mama Spana, halafu unababaishwa na fundi wa kona?" Ndipo nikachukua kalamu.

Shida ni gari. Ile vani nyeupe ya zamani unaifahamu, ambayo binti yako ameibatiza Bibi Harusi kwa kuwa haitoki bila kusindikizwa. Zamani ilikuwa ni utani. Katika wiki mbili hizi imezimika njiani mara tatu, ikiwa na wagonjwa ndani. Fundi amebadilisha pampu ya mafuta, amebadilisha chujio, amebadilisha plagi zote. Ameleta na mashine yake ya kusoma makosa, akaichomeka, mashine ikasema gari halina kosa. Siku ya pili likazimika tena.

Kwenye mashine za damu mama, dakika ukizichelewa hazirudishwi. Zamu inayofuata inakuwa imeshakaa mlangoni. Ijumaa iliyopita tulichelewa nusu saa, wakampunguzia binti yako nusu saa, na kesho yake miguu ilivimba akawa anahema kwa kupanda ngazi mbili tu. Mzee mmoja katika abiria wangu, mwalimu mstaafu, huweka saa yake mapajani tangu anapopanda. Kila nikitazama kioo namwona anaitazama.

Tena njia yetu inakata reli. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Naomba ushauri wako, ukipata nafasi. Samahani kwa kukusumbua.

Ni mimi mkwe wako

*

Jumamosi, 8 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nami sijambo, isipokuwa masikio, nayo umeshayazoea. Umefanya vema kuandika. Ungepiga simu ungepiga kelele bure, nisingesikia kitu, na majirani wangejua mambo yenu yote.

Ila nikwambie ukweli, barua yako ina kurasa mbili na salamu na samahani zimekula moja. Umeniambia kila mtu hajambo. Umeniambia hata fundi alibadilisha nini. Hukuniambia gari linaumwa vipi! Huyo fundi wako ni mtu aliyepoteza ufunguo, badala ya kuutafuta ananunua makufuli.

Nataka dalili. Likizimika, linakohoa kwanza na kuvutavuta, au linazimika papo hapo kama taa iliyozimwa? Linazimika likiwa baridi au likiwa limeshapata moto? Likikataa kuwaka, linakaa muda gani mpaka likubali? Na kubwa kuliko hayo, ule mshale unaoonyesha mizunguko ya injini, unafanya nini wakati gari linakufa? Usinijibu kwa kukumbuka. Litazame likizimika tena, kisha uniandikie ulichokiona kwa macho yako.

Kuhusu Nati wangu. Unasema hajambo. Mwanangu huyo nilimwita Nati kwa sababu alizaliwa mdogo kama nati namba nane, na nati hiyo nimeikaza mwenyewe, naijua. Anahema kwa ngazi mbili, halafu unaniandikia hajambo?

Sikulaumu. Ndivyo tulivyofundishwa sote, mtu anaulizwa hujambo naye anajibu sijambo hata kama ana homa. Lakini mimi na wewe sasa tuna kazi. Barua ijayo anza na gari, salamu ziweke mwisho.

Mkwe wako

*

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua umesema nianze na gari, nimejaribu mara tatu na karatasi tatu nimezichana. Mkono unakataa. Siwezi kumwandikia mama aliyenizalia mke nikaanza na injini kabla ya kumwamkia. Unisamehe kwa hilo.

Gari lilizimika juzi Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, hatua thelathini kabla ya reli. Nimetazama kama ulivyoniagiza. Halikukohoa. Lilizimika kama taa. Ule mshale ulianguka palepale mpaka sifuri, na gari lenyewe lilikuwa bado linatembea kwa kasi yake. Nilipopiga stata injini ilizunguka vizuri, ila mshale haukunyanyuka hata kidogo. Tulikaa dakika ishirini. Baada ya hapo likawaka kama halijawahi kufanya kosa maishani.

Asubuhi likiwa baridi halina neno. Huzimika likishatembea dakika arobaini hivi, na zaidi siku za jua.

Katika zile dakika ishirini treni ilipita mbele yetu. Mama mmoja mshonaji, anayekaa nyuma yangu, alianza kuhesabu mabehewa kwa sauti ndogo, na binti yako akalishika shati langu kwenye bega akaendelea kulishika mpaka treni ilipokwisha. Alipoachia aliniambia nikuandikie kwamba yeye hana hofu. Nimeandika kama alivyosema.

Umeniuliza kuhusu yeye. Ni kweli, huchoka. Jumapili ndiyo siku mbaya, kwa sababu ni siku mbili bila mashine. Lakini ule mkono ni mzima kabisa. Ukiuwekea kiganja pale kwenye mshono unausikia mshipa unavyonguruma. Daktari amesema mngurumo huo ndio uhai wake, na kwamba mkono huo usibebe kitu chochote kizito, hata ndoo.

Mkwe wako

*

Jumapili, 16 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba, mbishi wewe.

Sasa umeniambia. Mshale kuanguka gari likiwa bado linatembea, hapo ndipo penye jibu. Pampu ya mafuta ilikuwa inasingiziwa tu. Hiyo ni sensa.

Usicheke. Si sensa ile ya karani kubisha hodi kuuliza mmelala watu wangapi, ingawa kazi yake haiko mbali. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito lenye meno, mafundi tunaliita flaiwili. Sensa imekaa pembeni yake, inahesabu meno yakipita, na kila ikihesabu inaliambia bongo la gari, "injini inazunguka, leta mafuta, leta moto." Karani huyu akisinzia, bongo linaamini injini imesimama. Linakata mafuta, linakata moto, na mshale unaanguka. Sensa iliyozeeka husinzia ikipata joto, ikipoa inaamka. Ndizo dakika zako ishirini.

Nimekwenda kwenye duka la vipuri nikasimama pale mpaka wakanipa ile yenyewe. Nimeifunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, ndani ya kopo, iko na barua hii kwenye mzigo wa basi.

Sikiliza vizuri. Inua kiti cha mbele, utaiona injini. Injini hiyo ina sensa mbili pacha, zina umbo moja na soketi moja ya waya. Moja inahesabu flaiwili, nyingine inahesabu valvu. Yetu ni ile ya kulia, chini kabisa, inapopakana na giaboksi. Huwezi kuiona, utaipapasa kwa vidole tu. Ya kushoto iache. Inashikwa na bolti moja ya namba kumi. Kabla hujaifungua, hakikisha: gari likizimika, usingoje dakika ishirini. Chukua kitambaa kibichi chenye maji baridi uiwekee sensa. Ikipoa gari likawaka mara moja, basi mwizi umemkamata.

Na kama kuna neno hulielewi, niulize. Kuuliza si ujinga, hata mimi kule kwenye shimo la karakana, chini ya mabasi, nilikuwa nauliza.

Msalimie Nati. Mwambie kopo si la kutupa.

Mkwe wako

*

Jumamosi, 22 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo, na shukrani zisizo na kipimo. Mzigo ulifika Jumatano mchana, na kitambaa chako mke wangu amekichukua, amekivaa siku hiyohiyo.

Nilifanya yote uliyosema. Lilipozimika tukirudi kutoka kliniki Jumatano hiyo niliinua kiti, nikaiona sensa ya kulia vizuri kwa kioo kidogo cha mkobani cha mke wangu, nikaiwekea kitambaa kibichi, na gari likawaka. Alhamisi nikaifungua kwa namba kumi, nikaweka mpya. Kazi ya robo saa! Ile ya zamani mke wangu ameitia kwenye kopo lake la vifungo. Hatupi kitu, nadhani kakurithi.

Gari sasa halijambo. Binti yako hajambo. Wagonjwa wote wanakusalimu, na mshonaji anasema akipona atakushonea gauni.

Mungu akuzidishie umri. Umetutua mzigo mkubwa.

Mkwe wako

*

Alhamisi, 27 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa furaha, kisha nimeisoma tena, na mara ya pili furaha imepungua.

Unasema uliiona kwa kioo. Mimi sensa ile sijawahi kuiona ikiwa mahali pake katika maisha yangu. Nimezifungua nyingi, zote kwa vidole, na vidole vikitoka vyeusi mpaka kwenye kifundo. Na kazi ile hainichukui robo saa. Hunichukua saa nzima na matusi.

Labda macho yako ni marefu kuliko yangu. Labda gari lako lina nafasi. Lakini nijibu upesi: ile uliyoitoa, ilikuwa imejaa vumbi jeusi la klachi, au ilikuwa safi? Na baada ya kuifunga gari limezimika tena, hata mara moja, hata uani? Usinijibu kwa adabu.

Mpaka nipate jibu, usilipitishe relini. Zunguka.

Mkwe wako

*

Ijumaa, 4 Aprili

Mkwe wangu,

Basi la mizigo limekuja mara tatu na hakuna kitu chenye jina langu. Kijana wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamfikia.

Nimemwomba jirani awaandikie ujumbe kwa simu yake. Limekuja jibu la neno moja: "Hatujambo." Nimelitazama neno hilo tangu jana. Nani ameliandika? Nati akiniandikia huandika "Tupo, mama." Tangu akiwa mdogo, ukimwita kutoka shimoni, jibu lake ni "Nipo." Hatujambo ni neno lako wewe.

Siwezi kupiga simu nikasikia sauti zenu nikajua. Zamani nilikuwa naijua injini inaumwa nini basi likiwa bado liko barabarani halijaingia getini. Leo nimekaa na karatasi, napapasa.

Kama kuna baya, liandike. Baya lililoandikwa naweza kulishika. Hili la kimya sina pa kulishikia.

Mama yake Nati

*

Jumatatu, 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikudanganya.

Nimekaa na kalamu siku kumi. Sasa naandika yote, uniadhibu unavyotaka.

Gari halikupona. Ijumaa ya tarehe 21, siku moja baada ya kuweka sensa yako, lilizimika tulipokuwa tunaingia uani. Nikajiambia labda sensa mpya inahitaji kuzoea. Jumamosi nikakuandikia kwamba halijambo. Ningekuambiaje? Ulikwenda dukani ukasimama kwa miguu yako, ukafunga kipuri kwenye kitambaa chako cha kichwa, halafu mimi nikuandikie kwamba mama mkwe, umekosea? Niliona ni utovu wa adabu. Na lile la kioo pia nililijua. Uliandika "huwezi kuiona", mimi naiona kabisa, inang'aa. Nikasema moyoni, huyu ni Mama Spana, mimi ni nani wa kumuuliza. Hata kitambaa kibichi hakikuwa ushahidi. Kuinua kiti, kutafuta maji na kushika kioo vilinichukua muda, dakika ishirini zilikuwa zimepita, lingewaka hata ningeliwekea mkate.

Ijumaa tarehe 28 barua yako ya kusema nizunguke ilikuwa bado haijafika. Lilizimika juu ya reli, mama. Magurudumu ya mbele yamevuka, ya nyuma bado. Mshale ukaanguka. Nikapiga stata, nikapiga tena. Mlinzi wa kizuizi akatoka kwenye kibanda chake anapunga kitambaa chekundu, anapiga kelele tushuke. Mwalimu alishuka na fimbo yake, akamshika mshonaji mkono, na wale wengine wawili wakawafuata. Mimi na mlinzi tukaenda nyuma kusukuma. Gari likatikisika, halikutoka.

Kisha likatoka. Nilifikiri ni nguvu zetu. Tulipolifikisha ng'ambo nikageuka nikamwona binti yako yuko ubavuni kwangu, bega na mkono wake wa kushoto viko kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amesukuma pamoja nasi. Sikumwona. Treni ilipita, sijui baada ya muda gani, sikutazama. Yeye alikuwa anacheka kwa woga na kusema, "Bibi Harusi kasindikizwa."

Mkono ulivimba kabla hatujafika kliniki. Nesi aliweka kiganja, akakihamisha, akakihamisha tena, kisha akamwita daktari. Mngurumo ulikuwa umenyamaza. Wametoa donge la damu, wamemwekea mpira shingoni wa kupitishia damu kwa sasa, na wamesema tungoje. Mshipa unaweza kuamka, unaweza usiamke. Mkono wa kulia walishaupima zamani, mishipa yake ni myembamba, haifai. Na huo mpira wa shingoni si wa kukaa nao muda mrefu.

Yeye hakuniruhusu nikuandikie. Lile "hatujambo" nililituma mimi, hilo umelijua.

Gari nimeliegesha. Kliniki inawachukua wagonjwa kwa gari lake hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo watatafuta dereva mwingine kama Bibi Harusi hajasimama. Sasa najibu swali lako, nimechelewa: sensa niliyoitoa ilikuwa safi, haina hata vumbi.

Mkwe wako, ambaye hastahili jina hilo

*

Alhamisi, 10 Aprili

Mwanangu,

Umekosea, na mimi nimekosea kabla yako. Anza kusoma kwangu.

Shimo letu la karakana lilikuwa na ngazi upande mmoja tu, upande wa pua ya gari. Tulishuka hapo, tukasimama chini ya injini tukiwa tumetazama nyuma, kwenye giaboksi, kwa kuwa ndiko kwenye kazi. Miaka thelathini nilitazama nyuma ya gari. Kulia kwangu ni kushoto kwa dereva. Kwa mafundi wote wa shimoni ni hivyo, hatukuwahi kuambizana, hapakuwa na haja. Mimi nikakaa hapa mezani nikakuandikia "ya kulia" kama vile uko shimoni pamoja nami. Umebadilisha ile inayohesabu valvu, ambayo haikuwa na kosa lolote. Karani mzembe bado yuko kazini.

Kwa hiyo usijipige peke yako. Nililia niliposoma barua yako, nikawaza kwamba hata hilo neno tunalitumia lilelile, kulia na kulia.

Sasa kosa lako. Nitakuambia jambo ambalo Nati halijui. Masikio yangu yalianza kufa miaka sita kabla sijastaafu. Msimamizi alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Mama Spana, hujambo?" nami najibu sijambo. Nilikuwa natia bisibisi kwenye injini na kuubana mpini wake kwenye taya nisikie kwa mfupa, na watu wakidhani ni ufundi. Siku moja niliruhusu basi litoke lenye beringi inayolia. Kila mtu uani aliisikia, ila hakuna aliyenisemesha, kwa heshima, wakidhani mimi nimeshaisikia. Gurudumu lilichomoka mlimani. Hakufa mtu. Kondakta alivunjika mguu, hadi leo anachechemea. Nilirudisha spana zangu wiki hiyohiyo.

Hiyo heshima yao na hiyo sijambo yangu ndizo zilizomvunja mguu yule. Gari halina adabu, baba. Halijui mkwe wala mama mkwe. Ukiona nimekosea niambie nimekosea, nitakasirika siku mbili, halafu nitakushukuru.

Sasa kazi. Huhitaji kungoja mzigo. Ile sensa iliyo kwenye kopo la vifungo ni nzima, ni pacha wa ile, na ndiyo utakayoiweka. Na ili tusipotezane tena, habari ya kulia na kushoto tuiache. Mwambie Nati akae kwenye kiti cha dereva, atazame mbele. Upande wa mkono wake wa mshipa, huko ndiko iliko. Chini kabisa. Ingia uvunguni, papasa. Kama unaiona, si yenyewe. Kama mkono umetoka mweusi na ngozi imechubuka, ndiyo yenyewe.

Ukimaliza, liendeshe saa nzima juani, peke yako, mbali na reli. Kisha liendeshe tena kesho yake.

Na jambo la mwisho. Nilipokuja mwaka jana, Nati alikishika kiganja changu akakiweka pale kwenye mshono. Nilikuwa sijasikia kitu kwa miaka. Nilikisikia kile, mkononi, kinanguruma kama injini ndogo nzuri isiyo na kosa. Nilikaa nacho mpaka chai ikapoa. Nakuomba uweke kiganja chako hapo kila asubuhi, kwa niaba yangu, na uniandikie unachokikuta. Kama ni kimya, andika kimya.

Shikamoo yako sitaki kuiona mpaka nimeyajua hayo mawili.

Mama

*

Ijumaa, 18 Aprili

Mshale haujaanguka.

Niliibadilisha sensa Jumapili. Binti yako alikaa kwenye kiti cha dereva akaunyoosha mkono wa mshipa kuelekea mlango wa abiria, nami nikaingia uvunguni upande huo. Sikuiona. Niliipapasa saa moja na robo, na matusi niliyotoa yamemfanya acheke mpaka akashika mpira wake wa shingoni. Vidole vyangu viwili vimechubuka. Sensa ya zamani ilitoka nyeusi tii, imepasuka ubavuni, nimekufungia kwenye kopo hili uione. Jumatatu nililiendesha saa nzima na dakika kumi, jua la saa saba. Jumanne tena. Jumatano kliniki wakanipa abiria wangu, na leo pia. Kwenye reli nilisimama, nikatazama huku na huku, nikavuka. Mwalimu ameirudisha saa yake mkononi.

Mkono: Jumapili kimya. Jumatatu kimya. Jumanne kimya, na mimi siku hiyo nilikasirika, nikamwambia binti yako maneno ambayo hayakuwa yake. Nilimwomba radhi. Jumatano sikuwa na hakika. Nilifikiri ni damu ya kiganja changu mwenyewe, sikuandika. Jana asubuhi alinishika kifundo cha mkono, akakisogeza kiganja changu juu kidogo ya mshono, akaniambia, "Acha kubonyeza. Weka tu."

Leo nesi ameweka kiganja mara moja tu, hakukihamisha.

Unanguruma, mama. Kidogo, lakini unanguruma. Watautazama wiki mbili zaidi kabla ya kuutumia, na hawajaahidi kitu. Nati anasema nikuandikie kwamba yupo.

Sasa nakuamkia. Shikamoo, mama.

Mwanao